Mechi Isiyoingia Katika Hesabu

Swali lenu la juma hili linatuuliza wasomaji: "Ni mchezo gani ulioutazama uwanjani ambao haukuwa na kombe wala pointi, na ungependa kurudi kuutazama tena?" Jibu langu ni mechi ya kirafiki ya softiboli ya wanawake, iliyochezwa alasiri moja ya Oktoba kati ya vyuo viwili vya jimbo la Oklahoma, Marekani, ninakoishi kwa sasa. Ningependa kulieleza jibu hili kwa kirefu, kwa sababu tangu siku ile naamini kwamba shabiki ambaye hajawahi kukaa kwenye mechi ya namna hiyo bado kuna upande wa mchezo wake ambao hajauona.

Kwa msomaji asiyeufahamu mchezo wenyewe, softiboli ni ndugu wa karibu wa besiboli. Ilizaliwa mwaka 1887 ndani ya ukumbi wa klabu moja mjini Chicago, vijana walipofunga glovu ya ndondi kwa kamba ikawa mpira, wakachukua mpini wa ufagio ukawa gongo. Leo kila timu huwa na wachezaji tisa uwanjani, mechi ya kawaida huwa na duru saba, yaani kila timu hupata zamu saba za kupiga, na mpira ni wa manjano yenye kung'aa, mzingo wake inchi 12, yaani sentimita 30 na ushei. Jina linadai kwamba mpira huo ni laini. Aliyewahi kuusikia ukigonga uzio wa chuma karibu na kichwa chake hatakubaliana na jina hilo. Mrushaji husimama katikati ya duara, futi 43 kutoka kwa mpigaji, ambazo ni kama mita 13, na huurusha mpira kwa kuuzungusha mkono mzima mpaka ukapita karibu na nyonga. Mrushaji hodari wa chuo huufikisha mpira kwenye mwendo wa kilomita 100 kwa saa au zaidi, kwa hiyo mpigaji hana hata nusu sekunde ya kuamua kama atapiga au ataacha upite.

Aliyenipeleka uwanjani ni binti wa kaka yangu, anayesomea uuguzi katika mojawapo ya vyuo hivyo viwili. Mwenzake wa chumba ni mchezaji wa timu, naye alikuwa amemwomba aje kumshangilia. Njiani nilimwuliza mechi hiyo ni ya ligi gani, akanijibu, "Si ya ligi, shangazi. Ni ya kirafiki tu, haihesabiwi." Nakiri kwamba neno lile "tu" lilinipunguzia hamu, nikawa nafikiri zaidi juu ya upepo, maana Oklahoma haikosi upepo, na siku hiyo ulikuwa ukiinua vumbi jekundu la uwanjani na kulitupa jukwaani.

Baadaye nilielewa mpangilio wenyewe. Vyuo vya Marekani hucheza softiboli ya ushindani kuanzia Februari, na kilele cha msimu huwa mwishoni mwa Mei na mwanzoni mwa Juni mjini Oklahoma City, ambako timu nane hukutana kuwania ubingwa wa taifa mbele ya umati ambao kwa mechi moja umewahi kuzidi watu 12,000. Lakini Septemba na Oktoba, wakati ambao kwetu Tanga watu wanazingoja mvua za vuli, timu hizo hizo hucheza mechi chache za kirafiki ambazo matokeo yake hayaingii katika kumbukumbu za msimu. Makocha wa pande mbili hukubaliana mapema juu ya mambo ambayo msimu ukianza hayawezekani: kuongeza duru na kubadilisha wachezaji watakavyo. Mara nyingi hakuna kiingilio. Wanaokuja ni wazazi, wanafunzi wachache, wazee wa mji na watoto wanaokimbizana kuokota mipira iliyotoka nje.

Tulikaa nyuma ya wavu, karibu kabisa na mahali anaposimama mpigaji. Mrushaji wa wenyeji alikuwa msichana wa mwaka wa kwanza ambaye, kwa mujibu wa mpwa wangu, hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuivaa jezi ya chuo mbele ya watu. Mpigaji wa kwanza alipewa bure kituo cha kwanza, kimoja cha vile ambavyo mchezaji huvizunguka ili apate alama, kwa sababu mipira minne ilipita nje ya eneo halali. Wa pili vilevile. Wa tatu aliupiga mpira ukapita katikati, vituo vyote vitatu vikawa na watu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ametolewa. Katika safu ya mbele yetu alikaa mama aliyevaa fulana yenye namba ile ile iliyokuwa mgongoni mwa msichana. Alikuwa ameikumbatia mikono yake kifuani na hakusema neno.

Kocha alitoka kwenye kibanda cha wachezaji, akatembea taratibu hadi kwenye duara. Nilidhani anakwenda kumwondoa, kwa maana hata mimi mgeni wa mchezo nilikuwa nimekwisha kuona kwamba mambo yameharibika. Alimwekea mkono begani, akasema maneno ambayo hayakuchukua hata sekunde kumi, akageuka na kurudi alikotoka. Msichana alibaki. Mpigaji aliyefuata aliupeleka mpira mpaka kwenye uzio wa kushoto na watu watatu wakaingia nyumbani, yaani wakarudi mahali pa mpigaji na kupata alama tatu.

Hapo ndipo nilipoanza kutazama kwa makini. Mechi yenye pointi isingemruhusu kocha yeyote mwenye busara kumwacha binti yule pale, na sisi mashabiki tungekuwa wa kwanza kupiga kelele atolewe. Kwa kuwa alasiri ile haikuwa na hesabu, aliachwa akae ndani ya shida yake mpaka aifahamu. Nilimwona akisimama, akiufuta mkono wake kwenye suruali, akivuta pumzi mara mbili kila kabla ya kurusha, jambo ambalo mwanzoni hakulifanya. Kisha akajaribu mpira wa polepole. Ufundi wa mpira huo ni kwamba mkono unazunguka kwa kasi ile ile na mwili unasonga vile vile, ila vidole vinaushika mpira kwa namna inayoupunguzia nguvu, hivyo mpigaji anayejiandaa kwa kasi anazungusha gongo mapema na kupiga hewa. Ule wa kwanza ulianguka vumbini kabla haujafika. Wa pili ulimpita mpigaji juu ya bega. Wa tatu ulifika mahali pake, gongo likapita tupu, na mdakaji akaruka kwa furaha kana kwamba wametwaa ubingwa. Katika duru ya pili binti yule aliwatoa wawili kwa mpira huo huo. Yule mama wa mbele yetu aliikunjua mikono yake.

Jirani yangu upande wa kulia alikuwa mzee mwenye daftari la kuandikia mechi, na aliponiona nauliza sana alilisogeza magotini mwangu anionyeshe. Kila mchezaji wa ulinzi ana namba yake isiyobadilika, tofauti na namba ya jezi: mrushaji ni 1, mdakaji ni 2, wa kituo cha kwanza ni 3, na kuendelea hadi 9 aliye mbali upande wa kulia. Mpira ukiokotwa na namba 6, anayesimama kati ya kituo cha pili na cha tatu, kisha ukatupwa kwa namba 3 kabla mkimbiaji hajafika, unaandika 6-3, na yeyote anayelisoma daftari hata baada ya miaka thelathini ataliona tukio lile kama lilivyokuwa. Mechi isingeandikwa na chama chochote, lakini mzee aliiandika yote, tena kwa kalamu ya risasi iliyochongwa vizuri. Aliniambia kwamba dada yake mkubwa aliupenda sana mchezo huu ujanani, ila aliuchezea timu ya kiwanda kwa sababu chuo alichosoma hakikuwa na timu ya wasichana. Sheria iliyovitaka vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu visiwabague wanawake, michezoni pia, ilitiwa saini mwaka 1972, na ubingwa wa kwanza wa softiboli ya wanawake chini ya chama kikuu cha michezo ya vyuo, NCAA, ulichezwa mwaka 1982, UCLA, chuo kikuu cha mjini Los Angeles, ikawa bingwa. Kwa hiyo binti yule wa mwaka wa kwanza, ambaye chuo kinamsomesha na tena kinampa nafasi ya kukosea mbele ya watu, amepata kitu ambacho dada wa mzee yule hakukipata, na nafurahi kwamba nilikisikia kisa hicho papo hapo jukwaani.

Sitaziacha nyimbo. Katika softiboli wachezaji wanaongoja zamu hawakai kimya kibandani. Mmoja huanzisha, wengine huitikia, wakipiga makofi na kugonga uzio, na kila mpigaji ana kibwagizo chake. Huo ni mpangilio ambao mtu aliyekulia Pwani hahitaji kufundishwa. Sikuyafahamu maneno yote, lakini kufikia duru ya nne nilikuwa naitikia. Nilikumbuka rede tuliyokuwa tukicheza uani, wawili wakirusha na mmoja katikati akikwepa mpira wa matambara, sisi wengine pembeni tukihesabu kwa sauti. Pale ustadi ulikuwa kuukimbia mpira. Hapa msichana anausubiri.

Rafiki yangu mmoja wa Dar es Salaam, mwanachama wa Simba wa miaka mingi, aliniuliza kwa simu inakuwaje nipoteze Jumamosi nzima kwa mechi isiyo na pointi. Nilimkumbusha kwamba yeye mwenyewe hakosi Simba Day, na watani wao wa Yanga hawakosi Wiki ya Mwananchi, na mechi zinazochezwa siku hizo ni za kirafiki, ilhali uwanja unajaa. Hilo alilikubali. Tofauti ninayoiona ni kwamba siku zile ni za sherehe. Wachezaji wapya hutambulishwa, muziki hupigwa, na anayekosea pasi husamehewa kwa shangwe. Mechi ya Oktoba ya softiboli ni ya kazi. Hakuna anayetambulishwa, na kosa halisamehewi wala haliadhibiwi, bali linarudiwa mpaka lirekebike, na shabiki anaruhusiwa kukaa karibu alione likirekebishwa.

Wala si kweli kwamba mechi za kirafiki hazina uzito hata kidogo. Mwezi Machi 2008 timu ya taifa ya Marekani, iliyokuwa imetwaa dhahabu za Olimpiki za 1996, 2000 na 2004, ilizunguka nchini ikicheza na vyuo kujiandaa kwa Beijing. Katika maandalizi ya namna hiyo ilikuwa imeshinda mechi 185 mfululizo tangu 1996. Mjini Oklahoma City ilikutana na Virginia Tech, na mrushaji wa chuo hicho, Angela Tincher, aliwazuia mabingwa hao hivi kwamba hakuna hata mmoja wao aliyefika kituoni kwa pigo lake mwenyewe. Chuo kikashinda 1-0. Agosti mwaka huo Marekani ilifungwa na Japani katika fainali ya Olimpiki. Sidai kwamba jambo moja lilisababisha lingine. Nasema tu kwamba waliokuwa jukwaani siku ile ya Machi waliona mapema kuwa timu hiyo inaweza kuzuiwa, na waliliona katika mechi ambayo wengi wangeipuuza.

Mechi yetu iliisha duru ya saba, wageni wakiwa mbele kwa alama mbili. Wazazi kadhaa walianza kukunja viti vyao. Kisha waamuzi wakazungumza na makocha, na tukaona timu zote mbili zikirudi uwanjani: walikuwa wamekubaliana tangu awali kuongeza duru tatu. Aliyekuwa akiendesha ubao wa matokeo hakuambiwa, au pengine saa zake za kazi zilikwisha, maana ubao ulizimwa na ukabaki mweusi. Jua lilikuwa limeinama nyuma ya uzio wa kulia na upepo ulikuwa umetulia kidogo. Yule msichana wa mwaka wa kwanza, aliyekuwa ametolewa tangu duru ya tatu, alirudi kwenye duara, akaufuta mkono wake kwenye suruali, akavuta pumzi mara mbili.

"Shangazi, twende, au bado?" mpwa wangu aliniuliza, akiutazama ubao uliozimika.

Mzee wa daftari alikuwa amekwisha kufungua ukurasa mpya na anachora mistari. Nilimwambia mpwa wangu tukae.