Fundi wa Greeneville na mali zake

Mwanangu, meseji yako nimeisoma, nikaona bora niandike maana kwa simu tutakatizana tu. Umeniuliza eti fundi wa mji mdogo anaweza kweli kupata nyumba na shamba kwa sindano, au kila mwenye mali lazima kuna mtu alimkandamiza. Nitakujibu kwa fundi mmoja wa Marekani, Andrew Johnson, maana kwake majibu yote mawili yapo.

Kazaliwa 1808 Raleigh, North Carolina, baba kafa yeye akiwa na miaka mitatu, mama akawa anafulia watu nguo. Shule hakukanyaga. Akafungwa kwa fundi kwa mkataba mpaka afike miaka 21, yani mtoto anashona analipwa chakula na malazi, basi. 1824 akatoroka na kaka yake, bosi wao akatangaza gazetini dola 10 kwa atakayewarudisha. 1826 akaingia Greeneville, kamji ka Tennessee, akaanza kushona, mwaka uliofuata akaoa Eliza McCardle na huyo mke ndo alomfundisha kuandika na hesabu, hapo mimi napapenda sana. Cherehani hazijaenea bado, koti zima ni mkono, na jamaa mpaka uzeeni alijivunia kwamba kazi yake ilikuwa nzuri na mteja alipata nguo siku aliyoahidiwa. Kibanda chake kikawa kijiwe cha siasa, 1829 wakamchagua diwani, baadae meya. Pesa ikiingia ananunua kiwanja, nyumba, na shamba akawawekea mama yake na baba wa kambo. Kwa hiyo ndio mwanangu, inawezekana kabisa.

Ila miaka ya 1840 huyo huyo akanunua watu. Binti anaitwa Dolly na ndugu yake Sam, kwa hati ya mauzo kama unavyonunua kiwanja. Kaja kuwaachia huru 1863, vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani, Kaskazini na Kusini wakigombana juu ya utumwa, imeshapamba moto.

Na linaloniuma zaidi ni 1865. Januari Jenerali Sherman wa jeshi la Kaskazini alitoa amri ardhi ya pwani ya South Carolina, Georgia na Florida wagawiwe waliotoka utumwani, mpaka eka 40 kwa familia, watu wakahamia wakaanza kulima. Aprili Rais Lincoln akauawa, Johnson makamu wake akawa rais, na haukuisha mwaka akaagiza ile ardhi warudishiwe mabwana wa zamani. Mtu huyu huyu bungeni miaka na miaka alipigania maskini wapewe ardhi ya serikali bure! Kumbe maskini aliokuwa anawawaza ni wazungu wenzake. Alijua kabisa kiwanja cha kwanza kinamfanyia nini mtu asiye na kitu, halafu akawanyang'anya.

Kwa hiyo nyumba aliyoipata kwa koti na suruali sina neno nayo, ni jasho lake. Ya Dolly na Sam hapana, na hiyo ardhi ya pwani hapana kabisa.

Wewe shona, na kile kiwanja usilipe hata shilingi kabla baba yako hajaiona hati.

Mama yako