Faida ipo, gawio liko wapi?

Ndugu, umeuliza kwa nini kampuni uliyonunua hisa zake imetangaza faida lakini gawio, yaani sehemu ya faida wanayogawiwa wenye hisa, hakuna. Faida si fedha taslimu. Chukua mfanyabiashara wa kahawa hapa Moshi: akiuza mzigo wa shilingi milioni 40 kwa mkopo mwezi Desemba, mauzo yote yanaingia kwenye taarifa ya mapato ya mwaka huo, ingawa hajalipwa hata senti. Milioni hizo zimekaa kwenye mizania (orodha ya mali na madeni ya kampuni), mstari wa wadaiwa, yaani wateja ambao bado hawajalipa.

Kwa hiyo fungua taarifa ya mtiririko wa fedha, sehemu ya shughuli za uendeshaji, inayoonyesha fedha taslimu zilizoingia na kutoka kwenye biashara yenyewe. Ikiwa hasi miaka miwili mitatu mfululizo huku faida inapanda, mimi ningeogopa. Uchakavu (kupungua kwa thamani ya mashine na majengo) usikutishe: unapunguza faida kwenye hesabu, lakini hakuna fedha inayotoka. Halafu soma maelezo ya wadaiwa kule nyuma ya taarifa za fedha (wengi huyaruka, jamani!), uangalie madeni ya wateja yaliyopitiliza siku 90 bila kulipwa.