Shemeji hataki hela yangu, na rafiki yangu ameanza maneno

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mwanamke wa miaka 38, nimeajiriwa, naishi Soweto hapa Moshi na wanangu wawili. Nina rafiki tumeshibana, tuko kwaya moja na kikoba kimoja. Mumewe ni fundi bomba. Ilianza na koki ya jikoni kuvuja. Nikamwambia rafiki yangu, akasema, "Shemeji yako atapita jioni." Akapita, akabadilisha washa, nikamtolea 5,000. Akaruka: "Shemeji, unanitania?" Nikampa chai na maandazi, akaondoka.*

*Toka siku hiyo kila kitu ni yeye. Boya la tenki, flashi ya choo, kitasa cha chumba cha watoto, hata bawaba za geti. Mwaka jana tarehe 23 Desemba usiku alikuja kunizibulia choo kwa sababu wageni wangu walikuwa njiani kutoka Dar. Hajachukua hata senti.*

*Sasa juzi kwenye kikoba rafiki yangu alichelewa kuleta hisa. Akasema huku anacheka, mbele za watu: "Mume wangu ni fundi wa marafiki, kwangu bomba limefungwa kwa mpira wa tyubu." Wote wakacheka, mimi nikashindwa. Nimefikiria niwe nampa yeye hela kimyakimya amfikishie mumewe, maana naona aibu kumshikisha shemeji hela mkononi, na sitaki mtaa useme nina jambo na mume wa mtu. Au nitafute fundi mwingine tu? Tena sasa hivi soketi ya jikoni inatoa cheche, nilitaka kumwita. Nifanyeje?*

*Nadaiwa, Soweto*

Marahaba mwanangu.

Rafiki yako hakufanya utani. Amekuletea ankara, akaifunga kwenye kicheko ili wewe na yeye msiumbuke. Wewe umeielewa, ndiyo maana hukucheka.

Mume anaweza kukataa hela yako kwa heshima zake, akatoka getini kwako kifua mbele, amemsaidia shemeji. Anayeishi na kule kukataa ni mkewe. Fundi bomba hana mshahara wa mwisho wa mwezi. Anaamka, anasubiri simu iite. Ikiita, watoto wanakula vizuri. Isipoita, mkewe anafika kwenye kikoba amechelewa na hisa. Wewe umeajiriwa, tarehe fulani hela inaingia hata kama siku hiyo ulikuwa na mafua umelala. Hilo ulitakiwa kulitazama mapema kidogo, samahani kwa kukwambia hivyo.

Na hiyo tarehe 23 Desemba, mwanangu! Wewe si mgeni wa Kilimanjaro. Mwezi wa 12 watu wanapanda kutoka Dar, Mwanza na Dodoma, wanafungua nyumba za Kibosho, Machame, Marangu na Rombo ambazo nyingine hazijafunguliwa tangu Krismasi iliyopita. Koki zimeganda, tenki lina ufa, choo cha wageni hakipitishi maji, na babu anataka kila kitu kiwe sawa kabla ya wajukuu kufika. Siku hizo fundi bomba ndiye anayechagua kazi na ndiye anayetaja bei. Jioni moja ya wakati ule ni hela ya sare za shule za Januari. Yeye jioni hiyo aliinama kwenye choo chako, akanywa chai, akarudi nyumbani mikono mitupu.

Turudi kwenye ile 5,000. Kwetu mtu akitolewa hela mara ya kwanza na mtu wa karibu, anakataa. Ni adabu, hata mimi ningekataa. Ila angalia pia ulivyoitoa: kazi imeisha, mmesimama mlangoni, bei hukuiuliza, ukatoa noti uliyoipanga mwenyewe. Hapo hukumlipa fundi, ulimpa shemeji bakshishi. Angesema nini zaidi ya "unanitania"? Fundi na mteja wake hupatana kabla mkoba wa spana haujafunguliwa. Marehemu mume wangu alikuwa seremala, na nilijifunza kwake kwamba kazi isiyopatanwa bei asubuhi, jioni huwa ni msaada, upende usipende.

Kwa hiyo kuanzia sasa anza na bei. Mwambie hivi, kwa sauti ya kawaida kabisa: "Shemeji, nina kazi. Pita uiangalie, uniambie ufundi ni shilingi ngapi na vifaa gani vinahitajika. Vifaa nitanunua mwenyewe." Mafundi wenyewe hutenga hivyo, ufundi mbali na vifaa mbali, kwa hiyo hatashangaa. Na hilo la vifaa lina uzito wake. Ile washa ya siku ya kwanza ilitoka wapi? Na thredi tepu? Na boya la tenki? Kama alikuja navyo mfukoni, basi kila alipokuja kwako hakupoteza jioni tu, alitoa na hela.

Usimwombe bei ya shemeji. Akipenda kukupunguzia atakupunguzia, na ukipunguziwa shukuru ulipe. Lakini wewe usiwe wa kulitaja. Chai endelea kumpa, hata fundi usiyemjua jina hupewa chai.

Sasa swali lako la nani akabidhiwe. Mpe aliyefanya kazi. Kumpitishia mkewe kimyakimya naona ni kujitafutia balaa. Siku mume akijua, na atajua, atauliza mmekuwa mkifichana nini kingine. Na mkewe je, akiitumia kununua unga kabla hajamwambia? Watagombana usiku, na jina lako litakuwa katikati. Hata Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 58, inasema ndoa peke yake haibadilishi umiliki wa mali ya mume wala ya mke. Ujira wake ni wake mpaka yeye aupeleke nyumbani. Zipo nyumba ambazo mama ndiye mtunza hela na fundi mwenyewe anasema, "Mpe mama." Akikwambia hivyo mbele yake, mpe mama. Asipokwambia, usijipangie.

Kuhusu aibu ya kumshikisha hela mkononi, siku hizi hela ina njia. Mtumie kwa simu, uongeze na ya kutolea. Hiyo ya kutolea usiisahau, maana mtu aliyepatana na wewe 20,000 hatakiwi kukatwa makato kwa kazi aliyokwisha kuifanya. Ujumbe unabaki kwenye simu yake na yako, hakuna la kuficha.

Na mtaa? Mtaa wa Soweto utasema hata ukimleta fundi mzee kutoka Mbuyuni. Wewe mlinde rafiki yako tu. Simu ya kwanza mpigie yeye, kama ulivyozoea, ila badilisha maneno. Badala ya "mwambie shemeji apite," sema, "Nina kazi ya kumlipa shemeji, Jumamosi mchana ana nafasi?" Atasikia tofauti hapo hapo. Kazi ikiisha mtajie na kiasi ulichotuma. Mke anayejua kazi, siku na bei hana haja ya kusikia habari za mumewe kwa majirani. Zile simu za usiku za moja kwa moja kwa mume wa mtu ndizo za kuacha, hata choo kikifurika.

Fundi mwingine, usimchukue kimya. Mafundi wa mji mmoja wanajuana, na siku mwenzake atakapoonekana getini kwako na spana, rafiki yako na mumewe wataelewa umekasirika kwa lile neno la kikoba. Utakuwa umemwadhibu mwanamke kwa kusema kweli.

Limebaki deni la nyuma. Usikae na daftari kujumlisha koki na vitasa, hutafika. Muulize fundi yeyote wa mtaani kwako kuzibua choo na kubadilisha boya ni kiasi gani, upate picha, kisha uchukue kiasi ambacho mshahara wako utakihisi kidogo. Nenda kwao siku wote wawili wapo. Mwambie, "Shemeji, umenifanyia kazi nyingi na hii ndiyo kazi inayowalisha. Nilichelewa. Hii si zawadi, ni ufundi wako." Weka mezani, kisha ulizia watoto, ulizia kwaya, ongea mengine. Akikataa mara ya kwanza endelea na habari zako. Akisimama akakurudishia mkononi, pokea, usimdhalilishe mbele ya mkewe. Ila hapo mwambie waziwazi kwamba kazi za kawaida utamwita mtu mwingine, kwa sababu hutaki kumpotezea siku. Naamini hatafika huko. Mkewe atakuwa amekaa pale pale, na atamtazama.

Kuna mambo mawili usiyafanye. Usimnunulie rafiki yako kitenge ukahesabu umelipa, kwa sababu aliyeinama kwenye choo siye aliyevaa kitenge. Na usimlipie hisa yake kwenye kikoba. Wenzenu watajua ndani ya saa moja, na lile bomba lake la mpira wa tyubu litakuwa hadithi ya kikao kizima. Kile alichosema siku ile usimkumbushe kabisa.

Utaona na faida nyingine ukianza kulipa: unaweza kulalamika. Sasa hivi boya likigoma tena utaanzia wapi? Utanyamaza, maji yamwagike usiku kucha na bili ya MUWSA, mamlaka ya maji ya Moshi, ije kwako, kwa sababu alikufanyia bure. Ukilipa unampigia: "Shemeji, lile boya bado linapitisha," naye anarudi bila kinyongo.

Na soketi, hapana, usimwite. Yeye ni fundi bomba. Bawaba za geti alikufanyia kwa moyo mzuri, na akiombwa soketi ataifungua pia kwa moyo huo huo, maana tayari umemzoesha kwamba shemeji hakatai. Zima swichi kuu leo, usiitumie hiyo soketi tena, na tafuta fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Muulize shemeji kama anamjua mmoja. Mafundi hufanya kazi saiti moja na hujuana nani ni mzuri. Huyo naye, patana naye bei kabla hajafungua mkoba.