Kadi ya mkopo nikiilipa kabla riba haijaanza, yafaa?

Swali: Assalamu alaykum, sheikh. Hununua nguo na vitabu mtandaoni kwa kadi ya mkopo ya benki. Deni lote hulilipa ndani ya zile siku 45, na sijawahi kutozwa riba. Shemeji yangu ananiambia nihamie kadi ya debiti. Je, kisheria zinatofautiana?

Jibu: Wa alaykumu salam wa rahmatullahi wa barakatuh. Dada yangu, zinatofautiana, na shemeji yako amekunasihi vyema.

Ukilipa kwa debiti, fedha hutoka katika akaunti yako. Benki ni wakala wako wa kufikisha malipo, na ada yake ni ujira. Halina ubaya hilo, madhali akaunti haikuunganishwa na ovadrafti ya riba, kwani salio likiisha utakopeshwa bila kuhisi. Kwa kadi ya mkopo, benki humlipa muuzaji kwa fedha zake, nawe ukawa mdaiwa. Hiyo ni karadha, yaani mkopo, na mkataba uliotia saini una kifungu: ukichelewa, utalipa nyongeza.

Kifungu hicho ndicho tatizo. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha 12 mjini Riyadh mwaka 2000, liliamua kuwa kadi ya mkopo yenye sharti la riba haifai kutolewa wala kutumiwa, hata kama mwenyewe amenuia kulipa ndani ya muda wa bure. Kikao cha 15, Muscat mwaka 2004, kikaruhusu kadi zinazotegemea fedha za mwenye kadi. Wapo wanazuoni walioilegeza ya mkopo kwa mwenye haja na uhakika wa kulipa, lakini wewe haja hiyo huna, maana debiti inanunua nguo zile zile. Mtume (s.a.w.) amemlaani mla riba, mwenye kuilisha, mwandishi wake na mashahidi wake wawili, akasema wote ni sawa (Muslim). Saini yako usiifanye nyepesi.

Na huo uhakika nao ni mwembamba. Chukulia umedaiwa shilingi 30,000 ukalipa 29,900, kwa kusahau ada ya kubadilisha dola. Mikataba mingi huhesabu riba juu ya kiasi chote tangu siku ya manunuzi, wala haiishii kwenye zile 100. Ukitoa taslimu kwa kadi hiyo, aghalabu riba huanza siku ile ile.

Ukihofia wizi, fungua akaunti ya pembeni, uweke humo bei ya bidhaa tu, siku unayonunua. Kenya ipo pia kadi ya Visa isiyoshikika ya M-Pesa GlobalPay. Namba ya siri inayokuja kwa SMS usimpe mtu, hata akijiita wa benki. Mzigo usipofika, mwandikie kwanza muuzaji, hifadhi risiti, kisha peleka malalamiko benki mapema: Visa na Mastercard hurejesha malipo ya debiti pia, ila muda wa kudai una kikomo. Hoteli huweza kuzuia fedha zako kwa siku kadhaa, basi acha nafasi katika salio.

Dhahabu ni mlango mwingine. Ikiletwa siku kadhaa baada ya malipo, makabidhiano ya papo kwa papo, ambayo ndiyo sharti lake, hayapo, hata kwa debiti.

Kadi uliyonayo: ondoa kwanza namba zake katika kila huduma inayojikata kila mwezi, kwa kuwa malipo hayo huibua deni upya. Kisha uliza benki deni kamili hadi siku hiyo, lilipe, na udai barua ya kufungiwa. Wallahu aalam.