Ukitoka Mbeya, Usianzie Isimila

Mwalimu mmoja wa Mbeya ameuliza kama anaweza kuwaonyesha wanafunzi Isimila (korongo lenye zana za mawe za watu wa kale), Kalenga na Boma la Iringa kwa siku moja, akianzia Isimila kwa kuwa iko njiani kabla ya mjini. Mwalimu, shikamoo. Njiani iko kweli, ila saa ndiyo itakuangusha. Mbeya hadi Iringa ni zaidi ya kilomita 300. Hata mkiondoka alfajiri, mtashuka Isimila jua likiwa utosini, na korongoni kivuli ni cha kutafuta. Zile nguzo za mchanga ulioshikamana, zilizochongwa na mvua na upepo, mchana huonekana kama ukuta mmoja. Asubuhi kila nguzo inajitenga na kivuli chake.

Laleni mjini. Kesho yake saa moja asubuhi rudini barabara ya Mbeya, kama kilomita 20. Msikimbilie nguzo. Anzieni kwenye zana za mawe, zilizofukuliwa hasa mwaka 1957 na 1958. Shoka la mkono lina umbo la tone la maji. Litazame ubavuni: makovu ya kumeguliwa yako pande zote mbili na yanakutana kwenye makali. Jiwe lililovunjika lenyewe mtoni halina mpangilio huo. Mwanafunzi akishaliona hilo, hahitaji hotuba. Kushuka korongoni vaeni viatu vya kufunga, maana changarawe inateleza na ndala hukatikia hapo. Kila mtu abebe maji, lita moja na nusu. Masika njia huwa tope.

Kalenga iko barabara nyingine, ile ya kwenda hifadhi ya Ruaha, karibu na mto Ruaha Mdogo. Msiingie makumbusho mkaangalia fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, na kutoka. Mwombeni mwongozaji aanzie vita vya Lugalo, 17 Agosti 1891, Wahehe walipokivunja kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Zelewski, ndipo aje kwenye kuanguka kwa Kalenga, ngome ya Mkwawa, mwaka 1894, kisha Mlambalasi, Mkwawa alipojiua 19 Julai 1898 ili asikamatwe. Fuvu lilipelekwa Ujerumani, likarudi mwaka 1954. Bila mfuatano huo mtoto anaona mfupa ndani ya kioo, na hiyo ni kuwakosea heshima wazee wetu. Mlambalasi kwenyewe ni mbele zaidi kwa barabara hiyohiyo. Kuna kuchepuka na kutembea, kwa hiyo msikubandike kwenye siku hii.

Boma ni katikati ya mji, jengo la Wajerumani, saa moja inatosha.

Jioni pandeni mwamba wa Gangilonga, jina ambalo kwa Kihehe maana yake ni “jiwe linalosema”. Kuanzia saa kumi na moja mtauona mji wote chini. Shukeni kabla giza halijaingia, maana mwamba ni laini na hauna pa kushika, na kama ni Juni au Julai, masweta yawe mkononi tangu mnapanda, si kwenye gari.