Bodoni inakatika kwenye kadi

SWALI: Nachapisha kadi za harusi Nasser Road, Kampala. Nikitumia fonti (aina ya herufi) ya Bodoni, majina ya maharusi yanatoka safi, lakini anwani ya ukumbi inakatika. Herufi ndogo "n" inabaki vijiti viwili. Mashine ina kasoro?

JIBU: Usiilaumu mashine, angalia ukubwa. Herufi za Giambattista Bodoni, mchapaji wa Parma, Italia, zina nguzo nene na viunganishi vyembamba kama unywele. Kwenye ukubwa wa pointi 30 zinapendeza mno. Kwenye 8, unywele huo haushiki wino, hasa karatasi ikiwa na chengachenga. Maandishi meupe juu ya rangi nzito ndiyo balaa: wino unatambaa na kuufunika. Kukoleza herufi (bold) hakusaidii, maana zinazonenepa ni nguzo. Majina yabaki Bodoni. Anwani iandike kwa Garamond, fonti ambayo viunganishi vyake si vyembamba hivyo, pointi 10.