Barua kwa mwanangu: mizani ya babu yako na Desemba 9

Mwanangu,

Ujumbe wako ulinikuta mwaloni hapa Kirumba, mikono inanuka dagaa, ndiyo maana nilijibu "nitakuandikia" nikanyamaza. Umeuliza Desemba 9 tunasherehekea nini hasa, maana ofisini kwenu watu wanafurahia kulala tu, na kijana mmoja kawaambia huo ni uhuru wa nchi ambayo haipo tena kwenye ramani. Ukakosa la kumjibu.

Kijana wa watu hajakosea. Iliyopata uhuru usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 ni Tanganyika. Muungano na Zanzibar ulikuja Aprili 26, 1964, mwaka niliozaliwa mimi. Hata bendera iliyopandishwa usiku ule Dar es Salaam siyo hii unayoijua. Ilikuwa ya kijani na nyeusi, na michirizi ya njano. Bluu haikuwemo, iliingia na Muungano. Usiniulize ilikuwaje mwanzo wakasahau maji, na ziwa lote hili lilikuwepo. Ila mwambie mwenzako kwamba mtu akiolewa akabadili jina, siku yake ya kuzaliwa haifutwi.

Mimi uhuru sikuukuta kwenye vitabu. Niliukuta kwenye bega la babu yako.

Babu yako alilima pamba kule Magu, unajua. Hakusoma, lakini gunia akishalibeba anakwambia uzito wake, na hakosei sana. Msimu wa kuuza, gunia linatundikwa kwenye mizani ya mnunuzi, mnunuzi anasimama mbele yake hivi, amempa mgongo, mkono mmoja uko chini ya gunia kama analituliza lisiyumbe. Anaisoma mizani mwenyewe, anaandika mwenyewe, analipa mwenyewe. Babu anajua bega lake limesema nini, na anasikia mizani imesema nini, na hakuna mahali pa kupeleka hizo kauli mbili zikapatanishwa. Nyumbani nako bwana shamba anapita: shamba halina matuta, faini. Ng'ombe wanahesabiwa, unatozwa. Hayo yote yalipangwa na watu ambao hakuwachagua na hakuwahi kuwaona.

Kwenye miaka ya hamsini mwanzoni wakulima wa huku wakaamua kuweka wapimaji wao wenyewe penye mizani za wanunuzi. Babu alipenda kutuigizia. Kijana anasimama upande wa pili wa gunia, anainama, anasoma namba kwa sauti, watu wote kwenye foleni wanasikia. Basi. Kazi yake ni kusoma kwa sauti. Babu alisema siku ya kwanza mnunuzi alikunja uso kama aliyekula ndimu, ule mkono wa chini ya gunia ukarudi mfukoni.

Kutoka hapo vikazaliwa vyama vya ushirika, na mwaka 1955 vikaungana kuwa shirikisho lao lililoitwa Victoria Federation, Paul Bomani akiwa mbele yake. Huyo ndiye baadaye alikuwa Waziri wa Fedha. Na jambo hili wengi wenu hamlijui: TANU, chama kilichopigania uhuru, ilianzishwa Julai 1954, lakini huku Usukumani serikali ya kikoloni iliizuia hadi 1958. Mkutano wa siasa hauruhusiwi. Mkutano wa pamba je? Huo ni wa pamba! Kwa hiyo siasa ya huku ilijifunzwa penye mizani. Na mwaka huohuo wa 1958 watu wa Geita waliandamana hadi Mwanza mjini kukataa baraza la wilaya walilotengenezewa bila kuulizwa.

Usidhani nakupamba hadithi. Baada ya uhuru mizani haikugeuka malaika. Babu yako huyohuyo aliwahi kupeleka pamba kwenye chama, chama cha wakulima wenyewe, akapewa karatasi, akazungushwa na ile karatasi hadi msimu wa pili. Nilimwona anaikunjua na kuikunja mpaka ikachanika pale katikati. Nikamuuliza, sasa uhuru gani huu? Akasema, "Zamani aliyeniibia sikuwa na pa kumsema. Huyu nitamsema kwenye mkutano Jumamosi." Akaenda kweli, akamsema. Hela alilipwa pungufu.

Na sherehe zenyewe, ndiyo, wakati mwingine zinafutwa. Mwaka 2015 Rais Magufuli alizifuta, tukaambiwa tufanye usafi, nikafagia mwaloni tangu alfajiri. Hela za gwaride zikapangiwa kupanua barabara ya Morocco hadi Mwenge, huko Dar es Salaam, hiyo unayopita kwenda kazini. Kwa hiyo foleni ikikubana hapo, jua umekaa juu ya Desemba 9.

Mwaka 2019 zililetwa hapa kwetu, uwanja wa CCM Kirumba. Nilifika kungali giza nikapata pa kukaa. Gwaride lilikuwa zuri, hotuba zilikuwa hotuba, ingawa Mbowe wa upinzani naye alipewa nafasi akaomba maridhiano, na watu walinyamaza kumsikiliza. Ninalokumbuka zaidi ni mama mmoja aliyekaa kushoto kwangu, simjui. Rais alipotangaza msamaha kwa wafungwa 5,533, alinishika mkono hapa juu ya kiwiko, kwa kucha kabisa. "Kasema wangapi? Wa Butimba wamo?" Butimba ni gereza la hapa Mwanza. Nikamwambia ni wa nchi nzima. Hakuniachia mkono mpaka ngoma zilipoanza.

Nimekumbuka jambo ambalo sijawahi kukuhadithia. Babu alisikiliza uhuru kwenye redio ya dukani, na alichokishika kuliko vyote ni kwamba saa sita usiku taa za uwanja zilizimwa, bendera ya Mwingereza ikashuka gizani, zilipowashwa ikaonekana yetu. Basi kila mwaka tarehe 8 usiku alituamsha watoto wote, tunatoka uani tumejifunga mashuka, anapuliza chemli inazimika. Tunasimama gizani, tunasikia mbwa na vyura tu. Halafu anawasha kiberiti. Hasemi neno. Tunarudi kulala.

Tarehe 8 nitakupigia saa sita kasoro dakika tano. Uwe umeshazima taa zako, na huyo kijana wa ofisini mwambie naye azime. Umeme ukiwa umekatika wenyewe, washa mshumaa kwanza ili upate cha kuzima.

Mama yako
Kirumba, Mwanza